Garissa, Saa Kumi na Tano

Kawia ufike. Ndivyo tunavyomwambia msafiri mwenye pupa, na mara nyingi tunamwambia kweli, kwa sababu barabara ni ndefu na gari haliendeshwi kwa hasira. Lakini iko siku moja mjini Garissa ambapo waliokawia walifika, na walichokikuta hakisemeki.

Siku hiyo ni Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa: wanafunzi 142, polisi 3 na wanajeshi 3. Tangu bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998, Kenya haikuwa imepoteza watu wengi hivyo katika shambulio moja. Idadi ya waliokufa tumeitaja mara nyingi hata ulimi ukaizoea. Mpangilio wa saa za siku ile hatuutaji sana, na ndani ya saa hizo ndimo limelala swali ambalo Garissa bado inaliuliza.

Jumatano usiku

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Majengo yake yalikuwa ya chuo cha ualimu hadi mwaka 2011, kilipofanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Kwa watu wa Garissa, Wajir na Mandera hilo lilikuwa jambo la fahari: hatimaye elimu ya chuo kikuu imevuka mto na kuwafuata nyumbani.

Wanafunzi walikuwa 815, na wengi wao walitoka mbali sana na joto la Garissa. Walitoka Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa, Ukambani na Mlima Kenya. Wakazi wa huku wana usemi wa tangu zamani: mtu akivuka daraja la Mto Tana kuelekea Nairobi, husema anaenda Kenya. Ni mzaha, na ndani yake mna malalamiko. Mkoa huu ulifungwa na wakoloni, ukatawaliwa kwa sheria za hali ya hatari kwa miongo mingi baada ya uhuru, na bado unakumbuka Wagalla, Wajir, Februari 1984, wanaume walipokusanywa na vikosi vya serikali kwenye uwanja wa ndege na wengi wakauawa. Vijana wale 815, basi, wengi wao walikuwa wametoka “Kenya”, wakaja kusoma mahali ambapo Kenya yenyewe haikuwa na mazoea ya kuja kwa wema.

Pasaka ilikuwa imebisha hodi. Kesho kutwa yake ingekuwa Ijumaa Kuu. Tetesi pia zilikuwapo. Wiki iliyotangulia Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna habari za shambulio linalopangwa dhidi ya vyuo. Uingereza na Australia zilikuwa zimewaonya raia wao juu ya safari za Kenya. Jumatano hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta alizilaumu ilani za namna hiyo, akisema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote. Wala hapakuhitajika ilani ya mgeni kuona hatari. Novemba 2014, abiria 28 walikuwa wameteremshwa kwenye basi karibu na Mandera na kuuawa. Siku chache baadaye, wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyohiyo. Langoni mwa chuo, ulinzi ulibaki wa watu wachache.

Saa 11:30 alfajiri

Huo ni wakati ambao Garissa huwa imekwisha kuamka. Adhana ya alfajiri imeshaita, walioswali wanarudi, na hewa bado ina ubaridi kidogo ambao hautafika saa 3. Chuoni, kikundi cha wanafunzi Wakristo kilikuwa kimekusanyika darasani kwa maombi ya asubuhi. Wengi wa wengine walikuwa vitandani.

Watu wanne wenye bunduki na vilipuzi vilivyofungwa mwilini waliwapiga risasi walinzi langoni na kuingia. Walilifikia darasa la maombi mapema. Waliokuwamo walikuwa na nafasi ndogo ya kutoroka.

Mabwenini, wengi walidhani ni hitilafu ya umeme, au fataki, au polisi wanapimana nguvu na wezi. Ndivyo akili inavyofanya: hutafuta kwanza sababu ndogo.

Saa 12 asubuhi

Kulipopambazuka, milio ilikuwa imefika mabwenini. Waliowahi kusikia na kuelewa walikimbia kama walivyokuwa, wengine bila viatu, wengine wamejifunga shuka tu. Waliruka ua, wakapasua vichaka vya miiba, wakaingia kwenye makazi ya watu ambao hawakuwajua. Mamia waliokolewa na miguu yao wenyewe katika saa hiyo ya kwanza.

Waliobaki ndani walijifungia. Sasa ikaanza sehemu ambayo walionusurika huisimulia kwa sauti ya chini. Washambuliaji walizungumza Kiswahili. Walipita kwenye korido wakiwaita wanafunzi watoke vyumbani, wakiahidi kwamba atakayetoka atasalimika na atakayebaki atauawa. Waliotoka wakalazwa chini. Waislamu walitengwa na Wakristo. Kisha wakaanza kuua.

Tuseme jambo hili bila kulizungusha. Kiswahili ni lugha ambayo kijana wa Bungoma na kijana wa Bura huonana nayo uso kwa uso. Ni lugha ya karibu, karibu ndani, karibu chakula. Asubuhi ile lugha hiyo ilitumika kuwaita watu watoke wafe, na waliotii ndio waliolala chini kwa safu. Kumbuka sauti hiyo ya koridoni. Tutakutana nayo tena Jumamosi.

Saa 2 asubuhi

Polisi na wanajeshi wa kambi za Garissa walikuwa wamefika na kuzingira chuo. Walifyatuliana risasi na washambuliaji, na baadhi yao wakaanguka. Kwa jumla maafisa sita, polisi watatu na wanajeshi watatu, walitoa roho zao siku ile, na haki yao ni kutajwa kila wanapotajwa wanafunzi. Kwa muda wa asubuhi vikosi viliwasukuma washambuliaji na kuyakomboa mabweni matatu kati ya manne. Katika lile moja lililobaki, washambuliaji walikuwa juu, wakiwa na mateka, na kila aliyejaribu kusogea alionekana.

Hospitali ya mkoa, kama bado ilivyoitwa na wengi ingawa mikoa ilikuwa imekufa na kaunti zimezaliwa, ilianza kupokea majeruhi. Waliozidiwa walipelekwa Nairobi kwa ndege. Hesabu rasmi baadaye ilitaja majeruhi 79.

Mjini, maduka yalifungwa. Watu walisimama makundi makundi, simu sikioni.

Saa 4 hadi saa 6 mchana

Wanamgambo wa Al-Shabaab wa Somalia walitangaza kupitia msemaji wao kwamba shambulio ni lao. Sababu waliyoitoa ilikuwa ileile waliyokuwa wakiirudia tangu Oktoba 2011, Kenya ilipopeleka jeshi Somalia. Ndani ya bweni, baadhi ya mateka walilazimishwa kupiga simu nyumbani na kuwaambia wazazi wao kwamba haya yote ni kwa ajili ya majeshi hayo. Mfikirie mkulima wa mahindi Trans Nzoia, jembe mkononi, anayepokea simu ya bintiye na kutakiwa, yeye, aamuru jeshi la nchi liondoke Somalia.

Wengine hawakupiga simu wala kuitikia. Waliingia chini ya vitanda, wakajibana kwenye dari na makabati. Msichana mmoja aliyekuwa kati ya maiti alijipaka damu ya wenzake mwilini na kwenye nywele, akalala kimya, na wauaji wakampita wakidhani amekwisha.

Serikali ilitoa hesabu. Kati ya wanafunzi 815, waliojulikana walipo walikuwa 280. Katika nyumba nyingi za Kenya siku hiyo, hesabu hiyo ilisomwa kinyumenyume: 535 hawajulikani.

Saa 8 mchana

Hapa ndipo msemo wetu unapogeuka.

Kenya ina kikosi kilichofunzwa kwa kazi hii hasa, cha kuingia kwenye jengo lenye mateka. Ni Kampuni ya Recce ya GSU, kikosi maalumu cha polisi, na makao yake ni Ruiru, pembezoni mwa Nairobi. Habari ziliwafikia asubuhi na mapema. Kundi lao la kwanza lilifika Garissa yapata saa 8 mchana.

Kati ya Nairobi na Garissa ni kama kilomita 370, lami karibu yote. Wanahabari walioruka kwenye magari yao baada ya kusikia taarifa ya asubuhi walifika kabla ya makomando. Askari walisubiri ndege, na magazeti ya Kenya yakaja kuripoti kwamba ndege moja ya polisi ilikuwa Mombasa asubuhi ile, ikirejesha jamaa za ofisa mmoja Nairobi. Serikali ilipoulizwa, waziri wa mambo ya nje alijibu kwa mfano wa mpira: kupambana na ugaidi ni kama kuwa golikipa, unadaka mipira 100 na hakuna anayeikumbuka, watu wanakumbuka ule mmoja uliokupita.

Mfano ni mzuri kwa uwanja wa mpira, lakini kinacholalamikiwa Garissa ni kingine. Mpira uliopita saa 11:30 alfajiri ungeweza kumpita golikipa yeyote duniani. Kinacholalamikiwa ni golikipa kufika uwanjani saa 8 mchana.

Saa 11 jioni

Baada ya kufika kulikuwa na kuelezana, kuchora ramani ya jengo, kuamua nani anaongoza nani. Jua lilikuwa linaelekea upande wa mto makomando walipoingia.

Ilichukua kama nusu saa. Washambuliaji wote wanne waliuawa, na vilipuzi walivyojifunga vikalipuka. Kikosi kilimpoteza ofisa mmoja. Mateka waliokuwa bado hai walitolewa nje.

Pima mwenyewe uwiano huo. Walioweza kuimaliza kazi waliimaliza kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ilisubiriwa tangu alfajiri.

Saa 2 usiku

Giza lilikuwa limeshaingia ilipotangazwa kwamba operesheni imekwisha, karibu saa 15 tangu risasi ya kwanza. Taarifa ya kwanza ilisema waliokufa ni 147. Baadaye ikawa 148. Kafyu ilitangazwa kwa kaunti nne za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Donge la shilingi milioni 20 liliwekwa kwa kichwa cha Mohamed Kuno, aliyetajwa kuwa mpangaji wa mauaji. Kwa watu wa mji huo, jina hilo liliuma kwa namna yake: mtu huyo aliwahi kuwa mwalimu hapohapo Garissa. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa wauaji wanne alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, ambaye babake alikuwa tayari ameripoti kwa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Hadithi ya adui anayetoka ng’ambo ya mpaka haikutosha tena.

Ijumaa Kuu

Asubuhi, walionusurika walipandishwa mabasi kurudi “Kenya”. Walikuja na masanduku na magodoro mwaka wa kwanza wa masomo. Wengi walirudi na nguo walizoazimwa. Nairobi, uwanja wa michezo wa Nyayo uligeuzwa kituo cha familia kusubiri. Hatua chache kutoka shangwe za majukwaa ya kawaida, wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mahema, wakiangalia kila basi linaloingia. Aliyemwona mwanawe akishuka alipiga magoti. Asiyemwona alielekezwa mochari ya Chiromo, ambako miili ililetwa kutoka Garissa, na ambako kutambua uso kulichukua siku nyingi.

Garissa nako wakazi waliandamana na mabango kuwalaani wauaji. Waislamu kwa wingi wao, walijua vilevile kinachowasubiri: kutazamwa kwa jicho la shaka kwenye kila kizuizi cha barabara kuanzia Madogo hadi Nairobi.

Jumamosi

Siku mbili baada ya mwisho kutangazwa, maafisa waliokuwa wakikagua bweni walimkuta mtu hai.

Alikuwa binti wa miaka 19, ndani ya kabati, amejifunika nguo. Alikuwa ameingia humo Alhamisi wenzake walipokuwa chini ya vitanda, na alisikia wenzake wakiitwa watoke, na akasikia kilichofuata. Njaa na kiu vilipomzidi alikunywa losheni ya kujipaka. Maafisa walipomwambia atoke, kwamba wao ni polisi na amesalimika, hakutoka. Kwa nini atoke? Sauti ya Alhamisi nayo ilisema tokeni, mtasalimika. Maneno yalikuwa yaleyale, kwa lugha ileile. Sare haionekani kupitia mlango wa kabati.

Ilibidi aletwe mwalimu wa chuo, mtu ambaye binti aliijua sauti yake. Hapo ndipo mlango wa kabati ulipofunguka.

Katika mkasa wote huu sijui picha nyingine inayoeleza zaidi. Serikali yenye bunduki, magari na helikopta ilisimama mbele ya kabati la mbao, ikaomba kuaminiwa, na ikakosa. Aliyeaminiwa ni aliyekuwapo kabla ya balaa.

Miaka iliyofuata

Siku tatu za maombolezo zilitangazwa kuanzia Jumapili ya Pasaka. Hofu ilisambaa kuliko wauaji wenyewe: tarehe 12 Aprili, transfoma ililipuka karibu na kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakadhani wamevamiwa, mmoja akafa katika purukushani na zaidi ya 100 wakaumia. Walionusurika Garissa walihamishiwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, kumalizia masomo. Kuno aliuawa Somalia katikati ya mwaka 2016.

Kesi ilichukua miaka minne. Juni 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuwasaidia wauaji. Mmoja, raia wa Tanzania, alihukumiwa kifungo cha maisha, na wawili kifungo cha miaka 41 kila mmoja. Mtanzania alifia gerezani mwaka uliofuata. Novemba 2021 mmoja wa wale wawili alitoroka Kamiti, gereza linalotajwa kwa ulinzi mkali, pamoja na wafungwa wengine wawili. Walikamatwa siku chache baadaye Kitui, upande wa njia iendayo Garissa.

Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na kituo cha polisi ndani ya ua wake. Mwanzoni waliorejea walikuwa wachache, hasa wenyeji. Mwaka 2017 kilipewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Garissa kamili. Polepole vijana wa “Kenya” wakaanza kuvuka daraja tena. Kurudi kwao ndiko jibu ambalo mji ulilitaka kuliko hotuba yoyote.

Na serikali je, ilijifunza? Kiasi. Januari 2019, hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi iliposhambuliwa, vikosi vilikuwa ndani ya jengo mapema, na zaidi ya watu 700 wakatolewa hai. Watu 21 wasio na hatia walikufa, na kila mmoja ni hasara. Lakini Dusit iko Riverside, Nairobi, mlangoni mwa wakubwa. Mtu wa Garissa akisikia sifa za operesheni ile hutikisa kichwa taratibu na kuuliza: je, ingekuwa huku?

Hilo ndilo swali lililolala ndani ya zile saa. Kuwakumbuka vijana 142 kwa mishumaa kila tarehe 2 Aprili ni wajibu, na ufanyike. Ila anayetaka kuwaheshimu kwa dhati na aulize kila mwaka, kwa sauti ya kusikika Nairobi: leo hii, risasi ikilia Garissa, Wajir au Mandera saa 11:30 alfajiri, wanaojua kazi watafika saa ngapi? Kutoka Ruiru hadi Garissa ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Siku ile walifika baada ya muda wa saa nane na nusu.